Mkanda wa Pili wa Sadala Mdoe

Mpaka mwaka ule binti yake alipoposwa mara ya tatu, Sadala Mdoe wa Mkata alikuwa amekwisha kufa mara mbili, amefungwa pingu mara nne, na amelewa mara nyingi kuliko walevi wote wa Handeni ukiwakusanya pamoja. Pombe yenyewe hajawahi kuionja. Ni mtu wa swala tano huyo, mkulima wa mahindi na mihogo, mpole hadi anachosha, na mkewe Chausiku alizoea kusema kwamba hata kuku wa nyumbani hawampishi njia. Lakini nenda Mombo, nenda Mashewa, panda mpaka Lushoto kule juu, uwatajie watu jina la Sadala Mdoe, watakuangalia tu. Waambie yule mlevi wa sinema. Hapo wote watamjua, na wengine watatema mate chini.

Mambo yenyewe yalianzia kwenye mkonge. Mwaka wa hamsini na nane Sadala alikuwa kijana anayekata mkonge katika shamba moja karibu na Korogwe, likaja gari la turubai lenye Mzungu wa kofia pana na mashine yake ya kupigia sinema. Mzungu alikuwa anatafuta watu wawili: mkulima mwema anayechimba matuta kama serikali inavyotaka, na mkulima mkaidi anayekataa, mpaka mvua inamchukulia shamba lake lote. Vijana wa kambini wakakimbilia kunawa, wakavaa mashati ya Idi, wakajipanga mstari. Kila mmoja alitaka kuwa yule mwema. Sadala hakujua lolote. Alikuwa anatoka kazini, vumbi mpaka kwenye kope, mabega yamemwanguka, mdomo wazi kwa kiu. Mzungu akamnyooshea kidole. Huyo hapo, akasema, mkaidi wangu ndiye huyo.

Uso wa mtu ni kitu cha ajabu jamani. Sadala alizaliwa na uso uliochoka, macho yamelegea, shavu limeporomoka, hata akiwa na furaha utadhani ametoka kwenye matanga. Basi uso ule ndio uliomponza. Tangu siku ile hakutoka tena upande wa wabaya.

Uhuru ulipokuja, Mzungu wa kofia alikwenda zake na gari likabaki. Safari hii aliyekuja nalo alikuwa Dunstan, Msambaa wa milimani, ambaye zamani kazi yake ilikuwa kubeba miguu ya ile mashine na sasa ndiye bwana wa picha mwenyewe. Alimkumbuka Sadala, akamfuata mpaka Mkata. Sadala alifurahi kimoyomoyo, kwa sababu siku hizo waliokataa matuta ya wakoloni ndio waliokuwa wakishangiliwa, akaona zamu yake imefika. Wapi! Dunstan alimvika kanzu na kofia nyekundu akamfanya jumbe wa wakoloni, anachapa watu bakora na kula kuku wao. Serikali ilibadilika, bendera ikabadilika, Sadala akabaki mbaya yule yule.

Baada ya hapo ndiyo ikawa kazi yake, ingawa kazi ya maana ilikuwa shamba. Mara moja kwa mwaka, pengine mara mbili, Dunstan anakuja. Kampeni ya kusoma, Sadala ndiye mzee anayempiga mkewe asiende darasani. Kampeni ya pamba, Sadala ndiye anayeiba magunia ya ushirika na kuyaficha chini ya kitanda. Kampeni ya pombe, ndiyo hiyo iliyomkaa mwilini kama tope, analala mtaroni huku mbwa anamlamba. Azimio lilipotangazwa akawa kupe, anakaa kivulini wenzake wanalima, na mwisho anahamia kijiji cha ujamaa amebeba kitanda kichwani, anacheka meno yote nje. Miaka michache baadaye amri ya kuhama ikaja kweli. Sadala aliacha boma la baba yake, akapita na kitanda kichwani kwenye barabara ile ile, na wapita njia wakachekelea wakidhani anapigwa picha. Siku hiyo hakucheka, na hapakuwa na Dunstan wa kumwambia rudi nyuma ufanye upya.

Utauliza alikuwa anapata nini. Shati, mche wa sabuni, na kukaa mbele ndani ya Landirova mpaka Korogwe na kurudi. Kilichobaki hakumwambia mtu, hata Chausiku. Dunstan alikuwa na agizo moja tu, miaka yote hiyo hilo hilo: usitazame mashine, fanya kama hakuna mtu. Akishasema hivyo, kwa ule muda mfupi Sadala alijiona amepumzika. Hakuna palizi, hakuna nguruwe pori wa kufukuza, hakuna mikutano ya kijiji. Mlevi anaanguka pale alipoambiwa aanguke, basi. Mtu aliyechoka anaweza kuipenda kazi ya namna hiyo.

Sasa sikilizeni habari ya ukoma, maana hapo ndipo palipozaa balaa.

Mwaka sabini na mbili Dunstan alikuja na habari kwamba ukoma unatibika na serikali inataka watu waache kuwaficha wagonjwa. Sinema ilikuwa ya mikanda miwili. Walimpaka Sadala majivu na udongo wa mfinyanzi, wakamchora madonda kwa uji wa muhogo, wakamkunja vidole na kuvifunga matambara hata ukimwona unajikuna mwenyewe. Katika mkanda wa kwanza anaificha ndwele yake, inajulikana, majirani wanakimbia, anakwenda kujificha kibandani porini akilia peke yake. Katika mkanda wa pili mganga wa hospitali anamfuata, anatumia dawa, anapona, anarudi nyumbani. Mkewe anamnawisha mikono mbele ya kijiji kizima, anaketi, wanakula sahani moja. Ilikuwa ndiyo picha pekee ambayo Sadala aliimaliza akiwa mtu wa kupendwa.

Mke wa kwenye sinema alikuwa Rosina, muuza machungwa wa pale Mombo wanaposimama mabasi. Habari zikamfikia Chausiku, akanuna wiki nzima. Hakumsemesha mumewe isipokuwa kwa kupitia kwa binti yao. Hatimaye akamuuliza mwenyewe, huyo Rosina anakulaje na mume wangu sahani moja mbele ya nchi nzima, wakati mimi niliyekuzalia sijawahi kula nawe mbele hata ya jirani? Sadala akasema ni picha tu hiyo, mama Mwaija. Chausiku akasema na hasira zangu basi ni za picha tu, usizijali.

Gari la sinema lilizunguka na mikanda ile nchi nzima, na mwaka sabini na tano, wakati wa vuli, likafika Mashewa. Shuka jeupe likatundikwa, watu wakajaa, mkanda wa kwanza ukaonyeshwa mpaka mwisho, kina mama wanalia. Dereva alipokuwa anabadilisha mkanda, mvua ikashuka, ile ya kumwaga kwa ndoo. Shuka likateremshwa mbio mbio, gari likaondoka kabla barabara haijageuka tope, na halikurudi. Kwa hiyo Handeni Sadala alipona, Lushoto alipona, Mombo alipona. Mashewa alibaki porini kibandani na madonda yake.

Na Mashewa ndiko alikotoka Kudra.

Mwaija, binti wa pekee wa Sadala, alikuwa na miaka ishirini na minne. Alikwisha kuposwa mara mbili. Wa kwanza alijitoa baada ya wazee wake kuiona ile picha ya pombe, wakasema mlevi huzaa mlevi. Wa pili walikwenda mbali zaidi, mahari imeshatajwa, wakaona magunia ya pamba chini ya kitanda, wakasema hawaingizi mkono kwenye nyumba ya mwizi. Sadala aliwafuata kila mara kueleza, wakamwitikia kwa adabu, na kila mara hawakuja tena. Ni nani atakayekusikiliza, wakati mwenzio amekuona kwa macho yake mawili?

Kudra alikuja Mkata kujenga ghala la kijiji. Fundi mwashi, kijana wa maneno machache, mikono imekauka kwa saruji. Alikaa miezi minne na kila jioni alijitia ana kiu ya maji ya mtungi wa kina Mwaija tu, kana kwamba mitungi mingine ya kijiji ilikuwa na chura. Alimjua Sadala vizuri, amekula kwake, ameswali naye, alijua hana ukoma wala ulevi. Lakini kwa watu wa kule kijana hajiozi. Neno la mwisho ni la mjomba, ndugu wa mama, na mjomba wake Kudra alikuwa Mzee Mbaruku wa Mashewa. Mshenga alikwenda na kurudi ndani ya siku tatu. Mzee Mbaruku hakusema mengi. Alisema ukoo wao hauoi kwenye ukoma.

Mwaija hakulia. Alimaliza kutwanga, akapepeta, akaweka ungo chini ndipo akamfuata baba yake pale alipokuwa ananoa jembe.

"Baba," alisema, "huyu akiondoka na yeye, usinitafutie wa nne."

Sadala angeona heri kama binti angemtukana. Alikesha na neno lile siku kadhaa, kisha akapiga moyo konde, akavaa kanzu safi, akapanda basi mpaka Korogwe na kutoka hapo akatafuta lifti ya Mashewa. Alimkuta Mzee Mbaruku barazani kwake, mtu mrefu, mkavu, mwenye ndevu nyeupe zilizochongwa vizuri. Walisalimiana kwa mbali. Kigoda alichopewa Sadala kiliwekwa upande wa pili wa ua. Akatoa mikono yake yote miwili, akainyoosha, akageuza viganja, akavikunja na kuvikunjua vidole kimoja kimoja mpaka kumi. Akaeleza habari ya majivu, na udongo, na uji wa muhogo. Mzee Mbaruku akamsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia kwamba yeye mwenyewe, kwa macho haya, amemwona akilia porini.

"Nililia kwa kuambiwa nilie, mzee."

"Basi chagua mwenyewe," alisema Mzee Mbaruku. "Kama uliugua, hatuoi kwako. Kama hukuugua, uliwalaghai watu wazima mpaka wakalia, na uliyaigiza maradhi ambayo mwenzio yamemuua. Baba wa binti ndiye mdhamini wa maneno ya nyumba yake. Nitampeleka mpwa wangu kwa mtu ambaye sijui lini anasema kweli?"

Jamani, mtu ajibu nini hapo? Akikataa ukoma, ni mwongo. Akikubali, ni mkoma. Sadala aliaga, akarudi barabarani kwa miguu, na ule uso wake uliochoka siku hiyo ulikuwa umechoka kweli. Alichokuwa hakielewi ni hasira ya yule mzee. Haikuwa hasira ya mtu aliyeona sinema tu.

Alimtafuta Dunstan. Alimkuta Korogwe, nyuma ya ofisi moja ya serikali, amelala uvunguni mwa lile gari, miguu tu ndiyo inaonekana. Gari lilikuwa limezeeka, vipuri hakuna, mafuta ya mgao. Dunstan naye amepata mvi. Sadala alichuchumaa pale kwenye matairi akamwomba kitu ambacho hajawahi kukiomba kwa miaka kumi na minane. Alimwomba ampige picha moja akiwa mtu mwema. Hata ya kupanda mahindi, hata ya kuchemsha maji, ili watu wa Mashewa wamwone hivyo japo mara moja.

Dunstan alitoka uvunguni akajifuta mikono. Akasema ndugu yangu, filamu mpya hatujaletewa mwaka wa pili huu, na hata zingekuja, kwa uso huo wakubwa wangeniuliza nimekutoa wapi. Kisha akasema lakini iko ile ya ukoma. Mkanda wa pili upo ndani, kwenye sanduku lake, haujakwaruzwa hata kidogo kwa sababu mikanda ya pili huwa haifikiwi, mara mvua, mara jenereta. Mle ndani wewe ni mtu mwema. Tukipata mafuta, nitaupeleka Mashewa.

Tukipata mafuta! Sadala alisubiri miezi minne. Kila siku ya soko alikuwa Korogwe, anauliza mafuta yamekuja, anaambiwa bado, anarudi. Akaambiwa mafuta yapo, betri imekufa. Betri ikapatikana, dereva ana malaria. Mahindi yake mwaka huo yaliliwa na ngedere kwa kukosa mlinzi. Kudra alikwisha kumaliza ghala akarudi kwao, akawa analeta salamu kwa wauza mihogo wa barabarani, mwanzoni kila wiki, halafu baada ya wiki mbili, halafu mwezi. Mwaija aliacha kuuliza. Akiona baba yake anajiandaa kwenda Korogwe, anamwekea viazi kwenye kikapu.

Gari liliondoka Korogwe Jumamosi moja ya kiangazi, anga kavu, na Sadala mbele pamoja na Dunstan. Walifika Mashewa kabla ya magharibi. Watu walipomwona anateremka, wakampisha kwa kurudi nyuma hatua mbili tatu, watoto wakaitwa na mama zao. Yeye alikwenda akasimama nyuma kabisa karibu na jenereta. Mzee Mbaruku alifika amechelewa, akaketi mbele kwenye kiti alichokuja nacho. Giza liliposhika, Dunstan hakuanza na mkanda wa kwanza. Alisema kwenye kipaza sauti kwamba serikali inawaomba radhi wananchi wa Mashewa kwa mvua ya mwaka juzi, na sasa watamalizia.

Sadala hakuwahi kuuona mkanda ule. Huwa anapigwa picha, anarudi shambani, basi. Alimwona yule mtu mwenye uso wake akitolewa porini, akinyweshwa dawa, akifunguliwa matambara. Alimwona anarudi njiani pole pole, kama hajui kama atafukuzwa. Alimwona Rosina anatoka na birika, anamnawisha, anaketi, anatia mkono sahani ile ile. Hakuna aliyecheka uwanja mzima. Hata Sadala alijisahau, akataka kujua yule bwana alikuja kuwaje baadaye.

Shuka lilipogeuka jeupe tupu, Mzee Mbaruku alikuwa amesimama. Alikuja akipita katikati ya watu mpaka kwenye jenereta, mashavu yamelowa, hana habari na anayemtazama. Alisimama hatua moja kutoka kwa Sadala. Dunstan akaizima jenereta, na watu wote wakawa wanasikia.

"Mama yangu tulimjengea kibanda," alisema. "Nilikuwa mdogo. Mimi ndiye niliyempelekea chakula. Naweka juu ya jiwe, narudi nyuma mpaka kwenye mti, ndipo yeye anatoka anachukua. Miaka sita hakunigusa. Hakuna mtu aliyetuambia kwamba inapona." Alinyoosha mkono wake. "Niambie wewe, mwanaume mwenzangu. Ulipona kweli?"

Jawabu la kweli Sadala alikuwa nalo. Alikuwa amelitembeza miezi yote hiyo, la majivu na uji wa muhogo. Lakini angewezaje kulitoa pale? Mzee wa watu amelia mbele ya kijiji chake kwa ajili ya mama yake, umwambie madonda yale yalikuwa udongo wa mfinyanzi? Na akamkumbuka Mwaija anavyoweka viazi kwenye kikapu. Akafanya kama hakuna mtu.

"Nilipona," alisema, na akaushika ule mkono.

Posa ilikubaliwa pale pale, chini ya shuka la sinema.

Nyumbani sasa ndiko kulikuwa na kazi. Mwaija aliposikia, alisema bora uchumba uvunjike kuliko baba yake kupakwa ukoma. Sadala, ambaye hajawahi kumkemea, siku hiyo alimkemea. Alimwambia nimeshasema, na picha ikishapigwa haipigwi upya. Chausiku ndiye aliyekuwa mbaya zaidi, kwa sababu hakupiga kelele. Alikaa jikoni, anachochea kuni.

"Wengine huficha ukoma walio nao," alisema. "Wewe umeutafuta usio nao ukaununua. Umemfikiria Mwaija, sikatai. Mimi umeniweka wapi? Kuanzia leo nani atakunywa maji kwenye kata yangu?"

 Na habari zilitembea haraka kuliko basi. Majirani wa Mkata waliomjua tangu anachunga mbuzi walijua si kweli, lakini hawangeweza kusema, maana atakayesema ndiye atakayeivunja ndoa ya Mwaija. Wakanyamaza kwa mapenzi. Wiki zikapita, na kunyamaza kule kukaanza kufanana na kukubali. Kwenye kahawa kikombe chake kikawa kile chenye ufa, na hakuna aliyepanga iwe hivyo. Siku moja akaja mama mmoja kutoka kule Mashewa, amejifunika khanga mpaka kwenye viganja, akafunua mkono akamwonyesha baka lisilo na hisia. Akamuuliza dawa zinauma? Sadala hakuijua hata rangi ya dawa za kweli. Akamwambia haziumi, akampeleka hospitali, akakaa naye kwenye benchi na wagonjwa mpaka zamu yake ilipofika. Yule mama alipotoka alimshukuru kwa machozi, naye akarudi nyumbani amechoka kuliko siku aliyokata mkonge.

Harusi ilikuwa Mkata, siku ya Jumapili baada ya mavuno. Watu wa Mashewa walikuja na lori zima. Ndoa ikafungwa salama, kina mama wakapiga vigelegele, ubani, pilau, kila kitu kilikwenda kama kinavyotakiwa. Lilibaki jambo moja. Kwa watu wale, baada ya ndoa baba wa binti na mjomba wa kijana huketi mkekani na wazee wa upande wa kijana, wakala sinia moja. Hapo ndipo wanakuwa ndugu. Kabla ya sinia hilo, hata kama kadhi amekwisha kuondoka, wazee watakwambia bado.

Sinia likaletwa, limejaa, mvuke unapanda. Wakaketi sita. Sadala akanawa, akasema bismillahi, akatia mkono upande wake, akala tonge la kwanza. Akala la pili ndipo akagundua kwamba ni mkono wake tu. Wazee wa Mashewa mikono yao ilikuwa magotini. Mmoja alikuwa anarekebisha kofia yake. Mzee Mbaruku alikuwa amenyoosha mkono mpaka ukingoni mwa sinia, na hapo ukakwama, vidole vimekusanyika, haviendi mbele wala nyuma. Alikuwa anautazama mkono wake mwenyewe kwa aibu kubwa. Miaka sita ya jiwe na mti haiondoki kwa sinema moja, hata mtu akitaka.

Majirani wa Mkata waliokuwa mikeka mingine wakaangalia chini. Mwaija alikuwa dirishani na ushungi wake, ameona.

Mzee Mbaruku alikohoa, akasema kwa sauti ya chini kwamba mkwe wetu ni mtu wa heshima, si vizuri agombanie sinia na sisi wageni, basi apakuliwe sahani yake peke yake, apumzike. Sauti ilimkatika mwishoni. Mtu akaita jikoni, mama wa binti alete sahani.

Sadala akatoa mkono wake kwenye sinia. Hakumlaumu yule mzee, na hilo ndilo lililomchosha zaidi, kwamba hata wa kumlaumu hakuwepo. Aliyeitengeneza picha hiyo alikuwa yeye. Akasogea pembeni ya mkeka, akasubiri.

Chausiku alitoka na sahani moja ya bati, imefunikwa kawa. Mkono wa pili alikuwa na birika. Alipita katikati ya wanaume bila kuinamisha kichwa, mwanamke ambaye tangu aolewe hajawahi kula mbele ya wakwe wala mbele ya mwanaume yeyote asiye mumewe, na kwa mumewe mwenyewe ni ndani, mlango umefungwa. Aliweka sahani chini. Akamnawisha Sadala mikono, taratibu, kidole kwa kidole. Kisha akajinawisha mwenyewe.

"Sogea," alimwambia.

Sadala akasogea. Chausiku akaketi kwenye mkeka wa wazee, akakunja mguu, akafunua kawa, akatia mkono kwenye sahani ile ile.

 Watu wa Mashewa walikuwa wameshaiona hiyo, hatua kwa hatua, mwanamke na birika na sahani, na sasa walikuwa wanaiona bila shuka. Mzee Mbaruku alifunika uso kwa kiganja. Halafu akaacha sinia, akaja kwa magoti mpaka pembeni ya mkeka, akanyoosha mkono wake, akauingiza kwenye sahani yao. Alichukua punje chache tu za wali. Alizitafuna muda mrefu.

"Kula," Chausiku alimnong'oneza mumewe, "watu wanatazama."

Sadala alikula. Machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye ndevu, na hakuna aliyemwambia alie. Hakumtazama mtu yeyote, kama alivyofundishwa, mpaka sahani ikaisha.